Uzoefu wangu na Asterisk na DAHDI: kuisikia laini kabla na baada ya kusafishwa

Kazi yangu ni kufunga na kutunza mitambo ya simu kwenye ofisi ndogo: zahanati, maghala ya vipuri, shule, vyama vya akiba na mikopo. Karibu kila mteja huniuliza kwa nini aiache swichibodi aliyonayo na kuweka kompyuta yenye Linux na Asterisk, programu huria inayoigeuza kompyuta kuwa swichibodi. Wenzangu wengi hujibu kwa kutaja bei. Bei ni hoja nzuri, lakini kwangu si ya kwanza. Ninachokithamini kwenye Asterisk na draiva zake za DAHDI, zile zinazoendesha kadi za laini za simu, ni kwamba sauti inayopita ndani yake naweza kuitoa, nikaisikiliza, nikaipima, nikabadilisha kinachoichakata, kisha nikapima tena. Kwenye mtambo usio wazi, mteja akilalamika kwamba anajisikia mwenyewe akiongea, fundi hana pa kutazama.

Uwazi huo una historia yake. Miaka ya 1990 ukitaka kompyuta ijibu simu ulinunua kadi yenye chipu zake maalumu za kuchakata mawimbi. Chipu hizo ndizo zilizotambua tarakimu, kurekodi na kufuta mwangwi, na bei yake haikushikika kwa ofisi ndogo. Mmarekani Jim Dixon aliona kwamba prosesa za kawaida zimekuwa na kasi ya kutosha kuifanya kazi yote hiyo. Akabuni kadi aliyoiita Tormenta, mchoro na draiva akaviweka wazi kwa kila mtu, na mradi wenyewe akaupa jina la Zapata, kwa heshima ya mwanamapinduzi wa Mexico. Wakati huo Mark Spencer wa Huntsville, Alabama, alikuwa ameshaanza kuandika Asterisk tangu 1999, kwa sababu kampuni yake changa ilihitaji swichibodi na hela ya kuinunua haikuwepo. Kazi za watu hawa wawili zikaungana. Draiva zilizoitwa Zaptel zikapewa jina la DAHDI mwaka 2008, na kampuni ya Spencer, Digium, ikanunuliwa na Sangoma mwaka 2018. Programu yenyewe imebaki huria hadi leo.

Kadi ya laini za shaba ndani ya mfumo huu ina kazi ndogo. Inageuza umeme wa laini kuwa namba, sampuli 8,000 kila sekunde, kila sampuli biti 8. DAHDI inazipokea sampuli hizo nane nane, yaani milisekunde moja moja, kwa hiyo kompyuta inashtuliwa mara 1,000 kila sekunde na haina ruhusa ya kuchelewa. Ndiyo maana kabla sijagusa kitu kingine huwa naendesha dahdi_test, inayopima kama sampuli zinafika kwa wakati, na kuiacha ifanye kazi kwa muda. Nikiona asilimia 99.98 au zaidi, naendelea. Ikiwa chini ya hapo, shida iko kwenye kompyuta: ubao mama, diski, au kadi inayogombania nafasi na kifaa kingine. Hakuna mpangilio wa programu utakaoponya hilo, na nimeona mafundi wakihangaika na mafaili siku nzima kumbe saa ya mashine ndiyo inayoyumba.

Sasa nije kwenye mwangwi, maana hapo ndipo mfumo huu uliniteka moyo.

Laini ya shaba ina nyaya mbili tu, na sauti za pande zote mbili zinapita humo kwa pamoja. Ndani ya mtambo sauti inayokwenda hutenganishwa na inayorudi. Pale panapotenganishwa, kama umeme wa laini haulingani sawasawa na ule ambao saketi inautarajia, sehemu ya sauti yako hupenya na kurudi sikioni mwako. Enzi za simu za mezani za kawaida mwangwi huo ulikuwepo vilevile, ila ulirudi haraka mno hadi ukachanganyika na sauti yako ukiwa unaongea. Ukiweka simu za IP, zinazopitisha sauti kwenye mtandao wa kompyuta, kila paketi inabeba milisekunde 20 za sauti, kisha kuna foleni ya kusawazisha paketi zilizochelewa, na jumla yake inatosha sikio kuutenga mwangwi. Mteja anaona tatizo limeanza siku simu mpya zilipofungwa, basi lawama zote zinaangukia simu mpya.

Katika ofisi moja ya chama cha akiba na mikopo, kwenye jengo la zamani ambalo nyaya zake za ndani zimeungwa hapa na pale, mweka hazina alikuwa amefikia kuziacha simu za mezani na kutumia simu yake ya mkononi kwa wanachama. Nilitumia dahdi_monitor. Chombo hiki kinaweza kuhifadhi sauti iliyopokewa kabla ya kifuta mwangwi kuigusa na sauti ileile baada ya kupita humo, mafaili mawili tofauti. Nilimwomba mama yule apige simu, ahesabu moja hadi kumi, anyamaze, kisha aongee kama kawaida. Mafaili nikayafungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, moja juu ya jingine. Katika la kwanza kila namba aliyoitamka ilionekana kama kilima kidogo kwenye upande ambao ulipaswa kuwa kimya. Katika la pili vilima vya namba za mwanzo vilikuwepo, vikafifia, halafu kuanzia pale alipoongea kwa nguvu vikarudi. Nilimgeuzia skrini akaviona mwenyewe, na tangu hapo hatukubishana tena kuhusu simu mpya.

Kifuta mwangwi ni kichujio kinachojifunza. Kinalinganisha sauti inayokwenda na inayorudi, kinakisia laini inavyoirudisha, kisha kinatoa makisio hayo. Msingi wake ni hesabu ya Widrow na Hoff ya mwaka 1960, inayorekebisha kichujio kidogo kidogo kwa kufuata kosa lililobaki. Hesabu hiyo inadhani laini ni ya mstari, kwamba ukiongeza sauti maradufu mwangwi nao unaongezeka maradufu. Sasa, mtu aliyefunga kadi ile kabla yangu alikuwa ameongeza rxgain na txgain, yaani viwango vya sauti inayoingia na inayotoka, ili sauti isikike kubwa. Mweka hazina akiongea kwa nguvu, vilele vya wimbi vilikatwa bapa. Wimbi lililokatwa halifuati tena mstari, na kichujio kinapotea. Nikashusha viwango hivyo, nikaendesha fxotune ili kadi ilinganishwe na kila laini, na nusu ya tatizo ikaisha kabla sijabadilisha programu yoyote.

Nusu ya pili ilihitaji kifuta mwangwi kingine, OSLEC. DAHDI inakuja na vifuta mwangwi kadhaa, MG2 kikiwa ndicho kinachotumika zaidi, na unaweza kuipangia kila chaneli cha kwake kwa mstari mmoja tu katika faili la system.conf: echocanceller=oslec,1-4. OSLEC iliandikwa na David Rowe wa Australia akijenga juu ya kazi ya Steve Underwood, mwandishi wa SpanDSP, maktaba ya programu za kuchakata sauti za simu. Niliyoyaona kwenye mafaili yangu ni haya: OSLEC ilijifunza laini mapema zaidi, na watu wawili walipoongea kwa wakati mmoja haikuchanganyikiwa. Hali hiyo ya kuongea pamoja ndiyo mtihani mgumu kuliko yote, kwa sababu kichujio kinaweza kuidhania sauti ya mwenzako kuwa mwangwi wako na kuanza kujifunza uongo. Usumbufu wa OSLEC ni kwamba haimo ndani ya DAHDI. Unachukua msimbo wake mwenyewe na kuukompaili, na keneli, yaani kiini cha Linux, ikibadilika unarudia. Mimi huwa nazuia keneli isijisasishe yenyewe kwenye mashine za wateja.

Tarakimu za menyu nazo zina mambo yake. Ukibonyeza 1, simu inatoa toni mbili kwa pamoja, ya hezi 697 na ya hezi 1,209, na Asterisk inazitafuta kwa hesabu ya Goertzel ambayo imeandikwa wazi kwenye faili la dsp.c. Nimelisoma faili hilo zaidi ya nilivyosoma mwongozo wowote, kwa kuwa humo unaona toni lazima idumu kwa muda gani na iwe na nguvu kiasi gani ndipo ihesabike. Kwenye zahanati moja wagonjwa walibonyeza 1 mfumo ukasikia 11. Toni ilikuwa ikifika imekatika katikati, baada ya kupita kwenye kodeki, yaani programu inayobana sauti ili isafiri. Dawa yake haikuwa kulegeza vipimo, kwa sababu ukilegeza sana sauti ya mwanamke mwenye sauti nyembamba inaweza kuhesabiwa kuwa tarakimu. Tulihamisha tarakimu zisafiri kama ujumbe wa RFC 4733 pembeni ya sauti, na toni ikaacha kutegemewa kabisa.

Kazi nyingine nazitaja kwa ufupi. DENOISE ya kupunguza kelele na AGC ya kusawazisha ukubwa wa sauti, zote zinazotoka maktaba ya SpeexDSP, unaziwasha kwa mstari mmoja kwenye mpango wa simu, na kwa ghala lenye jenereta nyuma ya dirisha DENOISE imesaidia kweli. Kutambua toni ya mtu aliyekata simu kwenye laini ya analogi kunahitaji uvumilivu: ukiweka busycount, yaani idadi ya milio ya bize inayosubiriwa kabla ya kukata, ndogo simu zinakatika katikati ya mazungumzo, ukiweka kubwa laini inabaki imeshikwa.

Kwa anayeandika programu, mlango ninaoupenda ni EAGI. Asterisk inaiendesha programu yako, na sauti ya mpigaji unaisoma kwenye faili namba 3, sampuli mbichi, ukiwa na Python au lugha yoyote. Hapo ndipo nimejaribu utambuzi wa Kiswahili cha kutamkwa, ili mwanachama ataje namba yake badala ya kuibonyeza. Mradi wa Common Voice wa Mozilla una rekodi za Kiswahili zilizo huria, na hizo ni msaada mkubwa. Ila simu inabeba sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu, kwa hiyo S na F zinapoteza kile kinachozitofautisha, na modeli iliyofundishwa kwa rekodi safi za kompyuta inayumba. Nilipozibana rekodi za mafunzo hadi kipimo cha simu kwanza, makosa yalipungua waziwazi. Kilichobaki kigumu ni watu wenyewe wanavyotaja namba: mmoja anasema sifuri, mwingine ziro, wa tatu anachanganya Kiswahili na Kiingereza ndani ya namba moja. Hata saa imenilazimu kuiandikia kanuni yangu, kwa sababu saa 8:00 ya kompyuta mpigaji anatakiwa aisikie kuwa saa mbili asubuhi.

Nimetumia pia FreeSWITCH, programu nyingine huria ya simu, iliyoanzishwa na Anthony Minessale aliyewahi kuchangia Asterisk. Kwa mikutano mikubwa ya sauti na kwa faksi kupitia SpanDSP naikubali sana, na inachanganya sauti za vipimo tofauti bila shida. Kwa laini za shaba bado narudi Asterisk na DAHDI, kwa sababu ya vile vyombo vya kupima.

Gharama iko kwenye kadi kuliko kompyuta. Chukua yenye kifuta mwangwi cha ndani kama laini ni nyingi na bajeti ipo. Kama ni nne tu, OSLEC inatosha. Weka kinga ya radi kwenye kila laini kabla ya msimu wa mvua, kwa maana moduli za laini ndizo zinazoungua kwanza. Na kama ofisi yako haina hata laini moja ya shaba, simu zote zinakuja kwa SIP, yaani kupitia mtandao, usinunue kadi wala kufunga DAHDI. Zamani MeetMe, sehemu ya Asterisk ya mikutano ya simu, iliihitaji DAHDI kwa ajili ya saa, lakini mrithi wake wa sasa, ConfBridge, inatumia saa ya keneli yenyewe.