Ujumbe wa sauti wa WhatsApp: tathmini ya mtumiaji kutoka Wete

Ukoo wetu asili yake ni Wete, Pemba, na waliobaki Wete leo ni wachache kuliko waliotoka. Wako walio Unguja, wako walio Dar es Salaam na Mombasa, na wako waliokwisha kuzaa na kujukuu Muscat, nchini Oman. Tangu mwaka 2016 tumekuwa na kundi la ukoo ndani ya WhatsApp, ambalo sasa lina watu sitini na saba wa rika zote, na mimi ni mmoja wa wasimamizi wake. Wanaoandika tathmini za programu za simu hutazama kasi, usalama na matumizi ya bando. Mimi nataka kuipima huduma hii kwa jambo moja tu: jamaa yangu aliye mbali anaponitumia ujumbe, je, anayenifikia ni yeye nimjuaye, au ni mtu mwengine aliyechukua jina lake?

Baada ya miaka yote hii naweza kujibu bila ya kusita kwamba anayefika kwa maandishi na kwa picha mara nyingi ni huyo mwengine, na anayefika kwa ujumbe wa sauti ni yeye mwenyewe. Ujumbe wa sauti uliingizwa katika WhatsApp mwaka 2013, na kwetu hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kupita zote, hata simu za video zilizokuja mwaka 2016, kwa sababu simu ya video inadai watu wawili wawe na nafasi kwa wakati mmoja na mtandao uwe imara pande zote mbili, ilhali ujumbe wa sauti hungoja. Mtu wa Wete hurekodi baada ya sala ya Alfajiri, na wa Muscat humsikiliza akitoka kazini.

Ukurasa wa mtumiaji una nafasi ya jina, ya picha na ya maneno machache ya kujieleza. Nafasi hizo hazijibu suali la kwanza ambalo mzee wa Kipemba humuuliza kijana asiyemjua, nalo ni "Wewe mwana wa nani?" Wanawake wengi wa ukoo wetu wameweka picha ya ua au ya Al-Kaaba mahali pa uso wao, na wengi wamejiandika kwa majina ya watoto wao wa kwanza, hata kundini wamo kina Mama Fatma watatu. Miaka michache iliyopita aliingizwa kijana aliyezaliwa Muscat, akajitambulisha kwa maandishi mazuri yaliyotaja chuo anachosoma, kazi anayoitaka na klabu ya mpira anayoishabikia. Bi Mkubwa, shangazi yetu aliyekuwa mkubwa kuliko wote, alisomewa ujumbe ule mara mbili, kisha akajibu kwa sauti: "Mwanangu, hayo nimeyasikia. Sasa sema wewe nikusikie, unambie mwana wa nani." Kijana alirekodi kwa sekunde kumi na moja. Bi Mkubwa hakungoja majina yamalizike. Alimshika mkono mjukuu aliyemshikia simu, akasema kwamba ile ni sauti ya marehemu kaka yake, hasa pale anapovuta pumzi kabla ya kusema.

Jengine ni lugha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na sanifu hiyo ndiyo tuliyosomeshwa skuli sote, Wapemba kwa Waunguja. Kwa hivyo Mpemba akishika kalamu, au akigusa herufi za simu, huandika sanifu hata bila ya kukusudia, na Kipemba chake hubaki mdomoni. Ndiyo maana jamaa zangu katika maandishi wote hufanana: huandika "mchele" na "mtoto" kama wasomaji wa taarifa ya habari. Wakibonyeza alama ya kipaza sauti huja "nchele" na "ntoto", huja salamu ya "wambaje", huja na ule mvuto wa mwisho wa sentensi usio na herufi ya kuuandikia, na papo hapo nikajua huyu amekulia Wete na yule Mkoani, kusini ya Pemba. Siwalaumu, kwani hata mimi hapa ninaandika sanifu. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, BAKIZA, limefanya kazi ya heshima kwa kutoa makamusi ya lahaja zetu, ya Kipemba ikiwamo, lakini kamusi huhifadhi neno, na mtu anayelitamka hubaki nje yake.

Msimu wa karafuu Bi Mkubwa alikuwa akirekodi barazani, miguu ameinyoosha, anachambua. Mjukuu alimshikia simu karibu na kidevu, kidole kikiwa juu ya kitufe, naye Bi Mkubwa akaanza kila ujumbe kama barua za zamani: kwanza salamu, pili hali ya wagonjwa, ndipo aingie katika habari yenyewe. Nyuma ya maneno yake zilisikika karafuu zikiangukia jamvini na makonyo, vile vijiti vyake, yakitupwa katika beseni la bati. Binamu yangu wa Muscat aliniambia kwamba ujumbe wa namna ile huusikiliza mara ya pili kwa ajili ya zile karafuu tu.

Kasoro zipo, na kwa kipimo nilichokichagua iliyo kubwa ni sehemu ya Status, iliyopewa sura yake ya sasa mwaka 2017, ambamo picha hukaa saa 24 kisha hutoweka. Nimewaona vijana wetu walio ughaibuni wakishughulika kila siku na uso upi waonyeshe, na kuhesabu nani ametazama, huku dada zao walioko Wete wakiamini kwamba wenzao kula yao ni ya hotelini. Vijana hao hao wakiwarekodia mama zao huomba dua kwa sababu ya kodi ya nyumba iliyochelewa. Usimbaji, yaani kuufunga ujumbe kwa siri, uliokamilishwa mwaka 2016 humzuia mtu wa kati asisome mazungumzo, lakini haumzuii aliyepokea asiyasambaze, na kwetu picha za harusi za upande wa wanawake ni amana. Tangu mwaka 2019 ujumbe hauwezi kusambazwa kwa mazungumzo zaidi ya matano kwa mara moja. Ni hatua njema isiyotosha. Sikipendi pia kitufe cha kuiharakisha sauti, kilichoongezwa mwaka 2021. Mzee aliyesema kwa dakika nne amechagua mwenyewe dakika nne, na anastahiki kusikilizwa kwa mwendo wake.

Zamani msiba ulitufikia kwa matangazo ya vifo ya Sauti ya Tanzania Zanzibar, na nyumba nzima ilinyamaza yakisomwa. Sasa hufika kundini kwanza, na walio Unguja huwahi kuja kuzika. Pole zinazofuata huwa ni maneno yale yale yaliyonakiliwa mara hamsini, ila za wachache wanaorekodi, ambao wafiwa huwataja kwa majina hata baada ya arubaini kwisha.

Kwa ujumbe wa sauti ninaipa huduma hii nyota tano, na kwa Status mbili. Anayekusudia kuitumia kama tuitumiavyo sisi ajue kwamba WhatsApp haiweki ujumbe katika mitambo yake ukishafikishwa, na usiofikishwa hufutwa baada ya siku 30. Sauti za watu wako zimo katika simu yako, na katika nakala rudufu ikiwa umeiwasha. Bi Mkubwa alifariki mwaka jana. Simu iliyokuwa na rikodi zake nyingi iliingia maji, na nakala rudufu tulikuwa tumeizima wenyewe kwa kuogopa kumaliza bando. Tulizunguka kwa waliozipokea, mmoja baada ya mmoja, tukapata arubaini na mbili, na karibu nusu yake zilitoka kwa yule kijana wa Muscat, ambaye hakuwahi kufuta hata moja. Sasa kila mwisho wa mwezi binamu yetu aliye mwalimu Chake Chake huzinakili sauti zote za wazee katika kompyuta, kila moja kwa jina la msemaji na tarehe yake.