Kigari cha watoto wawili: kwa pacha wangu cha ubavu kwa ubavu ndo kimenifaa

Wazazi wenzangu wenye pacha, au mlio na mtoto anayetambaa na mwingine yupo njiani, hii nawaandikia nyie, maana wakati natafuta kigari kila niliyemuuliza ananiambia chukua kizuri, basi, kizuri ni kipi na kinamfaa nani hakuna anayesema. Mimi nina pacha, wa kike na wa kiume, kigari nimekisukuma toka wako wachanga mpaka sasa hivi wanakimbia wenyewe kwa hiyo haya nimeyaona na mgongo wangu umeyaonja.

Aina kubwa ni mbili. Kuna kile cha sambamba, watoto wanakaa bega kwa bega, na kuna cha kufuatana, mmoja mbele mwingine nyuma kama abiria wa pikipiki. Vipo na vile unavyopachika siti ya pili kwenye fremu ya kigari cha mtoto mmoja, hivyo mimi naviweka kundi moja na vya kufuatana kwa sababu tabia zao zinafanana.

Sasa kabla hujaanza kuangalia rangi, shika futi ukapime mlango. Na usipime fremu jamani, pima nafasi inayobaki mlango ukiwa umefunguliwa, kwa sababu ubao wenyewe na bawaba vinakula sentimita kadhaa na hizo hizo ndo zinakwamisha kigari. Vya sambamba vingi vina upana wa kama sm 75 mpaka 80, na mara nyingi penye upana zaidi ni kwenye tairi za nyuma wala sio kwenye siti. Pima wa nyumbani, pima na wa kliniki unapowapeleka, na lifti kama unakaa ghorofani. Kwetu kinapita kikiwa kimebakiza upenyo wa vidole tu huku na huku, ila kinapita, ndo nikakichukua. Kama kisingepita ningechukua cha kufuatana bila ubishi, hakuna raha ya kigari kinachobaki nje.

Sababu yangu ya kupenda sambamba ni kusukuma. Ukitaka kupanda ukingo wa barabara unakandamiza mpini chini ili tairi za mbele zinyanyuke, si ndio? Kwenye cha kufuatana kile kirefu mtoto wa mbele yuko mbali na mkono wako, kwa hiyo uzito wake wote unaunyanyua wewe, wakiwa wachanga husikii kitu ila wakinona utaomba msaada kwa wapita njia. Cha sambamba uzito umekaa karibu na wewe kinanyanyuka vizuri. Halafu siti ya nyuma kwenye vile vya kufuatana mara nyingi inakuwa chini na finyu, miguu haina pa kunyooka, na mtoto anachoangalia ni mgongo wa siti ya mwenzie safari nzima. Kwa pacha hapo ni ugomvi, nani anakaa mbele?

Lakini sambamba nako kuna mambo yake, mikono inafikiana. Wa kike alikuwa anamvua mwenzie soksi, taratibu, anavuta kwa vidole viwili mpaka itoke afu anaidondosha nje, mwenyewe amelala fofofo hana habari, mi nashtuka tushafika mbali mguu uko wazi. Ndo maana kama una mkubwa wa miaka miwili na kichanga mimi nakushauri cha kufuatana, mkubwa akirusha mateke hayamfikii mdogo, na pia uzito usiolingana kwenye cha sambamba unafanya kigari kivutie upande mmoja muda wote na mikono inachoka.

Wachanga ni habari nyingine kabisa. Mtoto ambaye shingo haijakaza anatakiwa alale chali flati, siti ya kuegemea nusu haimfai, kidevu kikimdondokea kifuani njia ya hewa inabanwa. Kwa kawaida ni mpaka kama miezi 6 hivi. Kwa hiyo ukiwa na pacha wachanga hakikisha siti ZOTE mbili zinalala flati au zinapokea vitanda vyake, maana kuna vigari siti moja inalala nyingine hailali na muuzaji anakuonyesha ile inayolala tu. Na vile vya kupachika siti ya gari ni vizuri kwa mwendo mfupi, sio vya kuwaacha walale humo masaa.

Mpini uwe mmoja ulionyooka toka upande huu mpaka huu, hili nalisisitiza. Vile vyepesi vya kukunjwa kama mwavuli vina vishikio vilivyotengana, ukitaka kusukuma kwa mkono mmoja kinazunguka, na mzazi wa watoto wawili mkono wa pili haukosi kazi. Jaribu pia kukikunja ukiwa umebeba kitu, ukinyanyue kabisa, vingi vina kilo 12 hadi 16 kikiwa kitupu, na kama una gari pima buti kwanza. Wakati wa kukunja na kukunjua watoto wakae mbali, zile bawaba za fremu zinabana vidole vibaya.

Tairi za upepo ni laini sana kwenye njia mbovu ila zinapata pancha, za foam hazina pancha ila mashimo utayahesabu, mimi nina za upepo na sijutii. Tairi za mbele ziwe zinazunguka na ziwe na loki. Mkanda uwe wa pointi tano, mabegani, kiunoni na katikati ya miguu. Vivuli viwe viwili kila mtoto na chake, na jua likiwa kali usifunike siti na kitambaa, hewa haitembei ndani na joto linapanda haraka. Mikoba usitundike kwenye mpini, siku unamtoa mtoto mmoja kigari kinaweza kulalia nyuma na mwenzie akiwa ndani.

Kasoro ya changu ni kapu la chini, limepitiwa na chuma katikati, mfuko mkubwa hauingii mpaka uukunje kunje, hilo linanikera hadi leo.

Mnaonunua kilichotumika, kanyaga breki kwenye mteremko mkiwa mmeweka uzito ndani uone kama kinashika kweli, funga kila kifungo cha mkanda usikie kinalia, angalia maungio ya fremu kama hayajapasuka, na tafuta stika yenye namba ya modeli, mara nyingi iko chini ya siti au kwenye chuma cha fremu, uisake mtandaoni ujue kama kiwanda kiliwahi kuviita virudishwe kwa hitilafu. Stika ikiwa imebanduliwa mimi nisingenunua.