Simu ya mkopo Moshi: miezi sita au mwaka? Uzoefu wangu

Naandika leo kwa sababu nimetulia kidogo. Ningeandika siku ile ile niliyotoka dukani kufunga deni, pasingesomeka.

Nazungumzia simu za mkopo, hizi unaweka kianzio halafu unalipa rejesho kila siku. Kamera na betri ya simu yenyewe siyagusi, hayo kila mtu anayajua. Shida yangu ni mkataba. Ukifika dukani watakuuliza haraka haraka, "Miezi sita au mwaka?", na wewe utajibu bila hata kukaa chini.

Mkataba wangu ulikuwa hivi. Simu kwa keshi ni 320,000. Ukichukua wa miezi 6, kianzio ni 80,000 na rejesho 2,000 kwa siku 180, jumla 440,000. Ukichukua wa mwaka, kianzio 50,000 na rejesho 1,500 kwa siku 365. Piga mwenyewe: 597,500. Kwa siku unaona umeokoa shilingi 500, bei ya chapati. Mwisho wa safari umelipa 157,500 zaidi ya mwenzako wa miezi sita, kwa simu ile ile, boksi lile lile.

Nilichukua wa mwaka. Muuzaji aliniambia kwa mdomo wake, "Chukua wa mwaka kaka, rejesho jepesi, halafu ukipata hela ukamaliza mapema unapunguziwa." Kwa maneno hayo mkataba mrefu ni mzuri kabisa: siku mbaya unalipa kidogo, siku nzuri unafunga deni. Kama ingekuwa kweli ningewapa nyota tano.

Baada ya miezi kama mitano, siku 150 hivi, nilikwenda na pesa nifunge deni. Nilikuwa nimeshatoa 275,000, kianzio na marejesho. Dada wa kaunta akabonyeza kompyuta, akasema zimebaki 322,500. Siku 215 mara 1,500, bila punguzo hata la senti. Jamani, deni lililobaki ni kubwa kuliko bei ya simu mpya pale pale kwenye kioo chao! Nikamwambia niliahidiwa kupunguziwa. Hakuinua hata macho. "Nani alikwambia? Kamtafute huyo huyo."

Huyo huyo alikuwa ameshaondoka, si mfanyakazi wao tena. Duka silitaji, liko Moshi mjini, karibu na stendi kuu, na wenye kulijua wamelijua. Kunikatalia ningeweza kumeza. Kumwambia mteja aliyelipa siku 150 bila kuruka "kamtafute huyo huyo" mbele ya foleni, hilo halimezeki.

Kwa hiyo kabla hujasaini, uliza hivi: "Nikija mwezi wa tatu wa mkataba kulipa lote, nitadaiwa shilingi ngapi?" Usikubali jibu la "utapunguziwa". Taka tarakimu, iandikwe kwa kalamu kwenye nakala yako na mhuri juu yake. Akikataa kuandika, punguzo halipo. Na kama halipo, mkataba mrefu ni wa hasara tangu siku ya kwanza, chukua mfupi. Hapo hapo dukani bonyeza *#06# ulinganishe IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ya kwenye kioo cha simu na iliyo kwenye karatasi. Zikitofautiana utalipia simu ya mtu mwingine huku yako ikifungwa.

Kufungwa nako kuna mambo yake. Simu hizi zina programu ya kufuli iliyounganishwa na kampuni kwa IMEI, ndiyo maana fundi akii-flashi, yaani akifuta kila kitu na kuweka programu upya, utapoteza picha zako bure. Ikipata intaneti tu, kufuli linarudi. Ya kwangu inahesabu siku kuanzia usiku wa manane. Lipa kabla ya saa tatu usiku, maana mtandao ukikwama malipo yanaingia kesho yake. Ijumaa lipa za siku tatu kwa pamoja, kwa sababu ikijifunga Jumamosi jioni, wa kukusikiliza utampata Jumatatu.

Ukishalipa na bado imefungwa, usianze kwa kupiga kelele. Angalia kifurushi kwanza. Amri ya kufungua inakuja kwa intaneti. MB zikiwa zimeisha, simu haijui kama umelipa. Mwombe jirani akuwashie hotspoti, subiri dakika chache, kisha zima na uwashe. Na kama laini ya kulipia iko ndani ya simu iliyofungwa, itoe uiweke kwenye kiswaswadu, simu ndogo ya batani, ulipe kwa menyu ya kawaida ya pesa.

Jambo ambalo hawalisemi kabisa: meseji ya muamala, ambayo ndiyo ushahidi wako, inakaa ndani ya simu hiyo hiyo waliyoifunga. Utakwenda kaunta kubishana huku risiti imefungiwa. Nunua daftari dogo, kila rejesho andika namba ya muamala na tarehe. Kioo kikipasuka deni halisimami, unalipa kila siku kwa simu usiyoiona vizuri.

Kuna watu nilitaka kuwaambia mkataba mrefu unawafaa: wapagazi wa mlimani, waongoza watalii wa Arusha, wote ambao masika hela hukauka. Rejesho la 1,500 mwezi wa nne ni afadhali kuliko 2,000. Lakini nimelipigia hesabu tena hilo nikaona hapana. Mkataba wa mwaka lazima upite kwenye masika, uuanze mwezi wowote. Ule wa siku 180 ukiuanza mwanzoni mwa Juni, wageni wanapoanza kumiminika, unaumaliza mwishoni mwa Novemba, na masika inakukuta hudaiwi. Ukikosa rejesho simu inajifunga vile vile, iwe la 1,500 au la 2,000, na kwa mkataba wangu kila siku iliyorukwa inasukuma mwisho mbele.

Mfupi, basi. Ingawa sasa nikiutazama hata huo mfupi, 120,000 juu ya bei ya keshi, nashindwa kumshauri mtu kwa moyo mweupe. Mwenye uwezo wa kuweka 2,000 kila siku kwenye kibubu anafikisha 320,000 kwa siku 160, kabla hata siku 180 hazijaisha. Mkopo ni wa yule anayehitaji simu leo kwa kazi, na huyo namwelewa, hata mimi ndivyo nilivyoingia.

Pesa niliyoipeleka kufunga deni nimerudi nayo. Nitalipa 1,500 zangu kila siku mpaka ya mwisho, na zaidi ya zile siku tatu za Ijumaa sitatanguliza hata shilingi moja. Wao wenyewe wamesema kuwahi hakuna faida.