Ukumbusho wa Mayahudi Waliouawa Ulaya, Berlin: Anzia Chini ya Ardhi

Ukumbusho huu uko katikati ya Berlin, karibu na Lango la Brandenburg. Bunge la Ujerumani liliuidhinisha mwaka 1999, ukafunguliwa Mei 2005. Juu ni uwanja wa mita za mraba 19,000 wenye nguzo 2,711 za zege, kazi ya msanifu majengo Peter Eisenman. Chini yake kuna Kituo cha Habari. Wageni wengi huishia juu, wakapiga picha na kwenda zao, na hilo linasikitisha, kwa sababu juu hakuna jina hata moja lililoandikwa. Wenyewe waliouawa utawakuta chini.

Kwa hiyo anza na ngazi za upande wa Cora-Berliner-Straße. Kiingilio ni bure. Kituo hufunguliwa saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni na Jumatatu hufungwa. Mlangoni mifuko inakaguliwa na watu huingizwa kwa mafungu, hivyo mchana foleni hurefuka, wahi asubuhi. Tenga saa moja na nusu, isipungue.

Ukishaingia utapokewa na historia ya mateso ya Mayahudi chini ya utawala wa Wanazi kuanzia 1933 hadi 1945, kisha picha sita kubwa za nyuso, zinazosimama badala ya Mayahudi milioni sita waliouawa. Chumba kinachofuata kina vipande vya barua na shajara vilivyoandikwa na watu wakati wanateswa, vikiwaka sakafuni, nawe unainama kuvisoma. Cha pili kinaeleza maisha ya familia 15 za nchi mbalimbali: walivyoishi, nani alikamatwa, nani alibaki. Usikipite haraka. Ndipo mgeni anapoelewa kwamba Mayahudi wa Ulaya hawakuwa watu wa namna moja.

Chumba cha Majina ndicho kinachobeba uzito wote. Ni giza. Jina linatokea ukutani pamoja na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, na sauti inasimulia maisha ya mtu huyo kwa ufupi. Kuwataja wote kwa utaratibu huo kungechukua miaka 6, miezi 7 na siku 27. Kaa kwenye benchi usikilize angalau watu kumi. Sauti ni za Kijerumani na Kiingereza. Asiyejua lugha hizo aongozane na mkalimani, la sivyo chumba hiki kitampita.

Sasa panda juu. Kila nguzo ina urefu wa mita 2.38 na upana wa sentimita 95, ila kimo hutofautiana: za pembeni ziko karibu sawa na ardhi, za katikati hufika mita 4.7. Vijia navyo vina sentimita 95, hivyo watu wawili hawapiti sambamba, na ardhi inapanda na kushuka. Kundi hupoteana upesi. Wekeni mahali pa kukutania kabla ya kuingia. Mvua ikinyesha mawe ya chini huteleza. Kwa kiti cha magurudumu, si kila kijia kinafaa, fuata vilivyotengwa. Nguzo kadhaa zimefungwa mikanda ya chuma kwa sababu zege lake limepasuka. Kurukaruka juu ya nguzo kumekatazwa, na walezi wawazuie watoto kabla walinzi hawajafika.

Aliyezoea Gisozi, ukumbusho wa mauaji ya kimbari ya Rwanda jijini Kigali, ambako waliouawa wamezikwa papo hapo, ajue kwamba hapa hakuna kaburi. Anayetaka kusimama mahali tukio lenyewe lilipotokea apande treni ya S7 hadi kituo cha Grunewald, aende Gleis 17, yaani njia ya reli namba 17, ambako Mayahudi wa Berlin walipakiwa kwenye treni na kupelekwa makambini. Kando ya reli kuna mabamba 186 ya chuma, kila moja likitaja tarehe, idadi ya Mayahudi waliopakiwa na walikopelekwa. La mwisho ni la Machi 27, 1945: watu 18, kwenda Theresienstadt, kambi ya Wanazi katika Czechia ya leo.