Kipima-pumzi cha kaboni monoksaidi: kizuri kwa sigara, hakifai kwa vepu (sigara za kielektroniki)

Kwa kliniki za Kampala zinazosaidia watu kuacha sigara, kifaa hiki cha mkononi kinafaa. Mteja avute pumzi, aizuie sekunde 15, apulize polepole mpaka mapafu yaishe hewa. Ppm (sehemu kwa milioni za gesi hiyo kwenye pumzi) 10 kwenda juu kwa kawaida ni sigara. Kaboni monoksaidi hung'ang'ania himoglobini, kibeba-oksijeni cha damu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayepikia sigiri ya makaa naye kipimo chake hupanda, kwa hiyo muulize kwanza. Usikifute kifaa kwa spiriti, kitadanganya. Aliyeacha tangu jana asubuhi ataonekana kama asiyevuta. Vepu, ingawa sheria ya tumbaku ya 2015 imezipiga marufuku Uganda, hazichomi tumbaku: kipimo hukaribia sifuri huku nikotini ikibana mishipa na kupandisha shinikizo la damu. Hapo pima kotinini, mabaki ya nikotini mwilini, kwenye mkojo.