Red Sea Reefer 350 kwenye nyumba ya pwani: tangi zuri, ila kazi kubwa iko nje ya boksi

Kabla ya kuuliza bei ya Reefer 350, akwariamu ya maji ya chumvi ya kampuni ya Red Sea, angalia sakafu yako. Mfumo mzima unabeba lita 350, na kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025, maji peke yake yanakaribia kilo 360. Ongeza kioo, kabati, mawe na mchanga, unafika nusu tani, na yote hiyo imekalia eneo la sentimita 120 kwa 50. Sakafu ya ghorofa ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Hapa unaweka zaidi ya 800. Nyumba ya chini yenye sakafu ya zege haina tatizo. Ukiwa ghorofani, tangi likae ukutani, limekatiza mihimili badala ya kulala sambamba nayo, na wa kukuthibitishia ni mhandisi, si fundi aliyepiga rangi.

Tathmini hii ni ya toleo la kwanza la Reefer 350. Ndani ya boksi unapata tangi la kioo lisilo na fremu juu (karibu lita 275), kabati, sampu (tangi dogo la chini la kuchujia maji) ya kukaa ndani ya kabati, mabomba yake, soksi za kuchujia, na chombo cha akiba cha kujazia maji yanayopungua. Humo hamna pampu ya kurudishia maji, skima (chombo kinachotoa uchafu kwa povu), taa, pampu za mawimbi wala kipoza maji. Anayenunua akidhani anarudi nyumbani na akwariamu kamili atakuwa amefika nusu ya safari, na kwa mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa nusu iliyobaki ndiyo ghali zaidi.

Tuanze na linalostahili sifa: mfumo wa kushusha maji. Nyuma ya tangi, katikati, kuna kisanduku ambamo maji ya juu humwagikia, na ndani yake kuna bomba kuu lenye vali pamoja na bomba la dharura. Ukiupanga vizuri, tangi linakaa sebuleni bila kusikika. Ukiupanga vibaya, linagugumia usiku kucha, na watu wengi huishia kulaumu pampu isiyo na kosa.

Washa pampu vali ikiwa wazi kabisa. Utasikia bomba likivuta hewa na maji pamoja, kama mtu anayemalizia soda kwa mrija. Sasa funga vali kidogo kidogo, si zaidi ya robo mzunguko kwa mara moja, kisha subiri dakika kumi bila kugusa kitu. Maji ndani ya kisanduku yatapanda hadi yafunike mdomo wa bomba kuu, hewa haitaingia tena, na kelele itakatika. Endelea mpaka uone uzi mwembamba wa maji ukiteremka kwenye bomba la dharura, kisha ishia hapo. Uzi huo unakuhakikishia kwamba bomba kuu limejaa maji matupu na kwamba la dharura liko wazi. Ukisikia maji yakimiminika kwa nguvu kwenye bomba la dharura, umefunga kupita kiasi. Hakikisha pia mdomo wa chini wa bomba kuu umezama sentimita mbili tatu tu ndani ya sampu. Ukizama sana, hewa inakosa pa kutokea kila pampu inapowashwa upya, na mfumo huchukua muda mrefu kutulia.

Konokono mmoja akijibana kwenye vali anaweza kuvuruga mpangilio wote. Weka wavu juu ya meno ya kisanduku, pale maji yanapoingilia, na kila mwezi fungua vali yote kwa sekunde chache ili uchafu upite, halafu uipange tena.

Umeme ukikatika, tangi hili linataka hesabu. Pampu ikisimama, maji ya juu yanarudi sampuni kupitia bomba lile lile la kurudishia, mpaka mdomo wake utokeze juu ya maji na kuvuta hewa. Kila sentimita moja ya uso wa tangi la 120 kwa 50 ni lita 6. Mdomo ukiwa umezama sentimita tatu, lita 18 zinashuka, na maji ya kisanduku na mabomba yanaongezeka juu yake. Kwa hiyo uelekeze mdomo karibu kabisa na uso wa maji, zima pampu kwa makusudi, subiri maji yatulie, kisha bandika utepe sampuni kuonyesha mwisho wa kujaza pampu ikiwa inafanya kazi. Fanya jaribio hili kwa maji ya kawaida kabla hujamwaga hata gramu moja ya chumvi. Rudia mara tatu. Sakafu iliyolowa maji ya bomba inapigwa deki na mambo yanaisha; maji ya chumvi yanabaki kwenye zulia, kwenye mbao na ndani ya soketi.

Waya zote zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya. Soketi zenyewe ziwe ubavuni nje ya kabati, na saketi iwe na swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja. Katika hilo hakuna kubana matumizi.

Katizo la umeme la saa sita halimwagi maji tu, linamaliza oksijeni, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Tiba ya bei nafuu ni pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe. Iliyo bora ni pampu ya mawimbi ya volti 12 au 24 iliyounganishwa na betri: pampu ya wati 20 kwa saa 12 inakula wati-saa 240, nayo betri ya asidi ya volti 12 isitumike zaidi ya nusu ya uwezo wake, kwa hiyo nunua ya Ah 40 (ampea-saa) au zaidi. Kwa lita 275 unahitaji mzunguko wa ndani wa lita 5,500 kwa saa kwa uchache, na mara mbili ya hapo kwa matumbawe magumu. Pampu mbili zinazotazamana kwa mshazari zinafanya kazi vizuri kuliko moja kubwa. Pampu ya kurudishia ichaguliwe kwa kutazama jedwali la kimo, linaloonyesha pampu inatoa lita ngapi kwa kila urefu, si namba iliyochapishwa kwenye boksi. Kutoka sampuni hadi juu ni zaidi ya mita moja, na pampu iliyoandikwa lita 3,500 inaweza kukupa 2,000 tu ukifika huko. Kiasi hicho kinatosha.

Chombo cha akiba cha kujazia kinafanya kazi kwa uzito wa maji na boya: maji ya sampu yakishuka, boya linashuka na kufungulia. Hakitumii umeme, na hilo ni jambo jema. Lakini boya likinasa kwa chumvi iliyoganda, maji yote ya akiba yanaingia. Lita 10 za maji matamu zikiingia kwa mpigo kwenye lita 300, chumvi inashuka kutoka 35 kwa elfu hadi karibu 34. Samaki watavumilia, baadhi ya matumbawe yatafunga midomo siku mbili. Safisha boya kila wiki mbili kwa siki. Na uwezo wa chombo chenyewe ni mdogo kwa hali yetu: tangi la ukubwa huu hupoteza lita 3 hadi 6 kwa siku, na zaidi ukitumia feni. Ukisafiri wiki moja, ama kuna mtu wa kujaza, ama una pipa kubwa la nje lenye pampu yake. Ajaze maji matamu tu. Kinachopungua ni maji, chumvi inabaki.

Sasa joto, ambalo ndilo linaloamua kama pesa yako imeenda mahali pazuri. Ushauri mwingi wa mtandaoni umeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao hununua hita. Kwetu, mwezi wa Februari chumba kikiwa na nyuzi 31, taa, skima na pampu zinaongeza juu yake, na kabati limefungwa. Lengo ni nyuzi 25 hadi 27 zisizoyumba. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kawaida, matumbawe ya Kenya na Tanzania yalipauka na mengi yakafa. Nyuzi moja au mbili za ziada kwa wiki kadhaa zinatosha kuleta madhara hayo.

Feni inayopuliza juu ya maji ni chombo kizuri kuliko watu wanavyodhani. Lita moja ikigeuka mvuke huchukua joto la kutosha kushusha lita 350 kwa karibu nyuzi 1.7. Nairobi au Arusha feni mbili zinaweza kumaliza kazi yote. Pwani hewa imeshajaa unyevu, mvuke hautoki haraka, na feni peke yake inazidiwa siku zile ambazo unaihitaji zaidi. Hapo ni kipoza maji cha robo ya nguvu ya farasi, au kiyoyozi cha chumba kinachofanya kazi mchana na usiku. Kipoza kisikae ndani ya kabati: kinatoa hewa ya moto, na kikiivuta hewa hiyo hiyo kinajichosha mpaka kinakata. Toboa kabati upande wa nyuma au acha milango wazi. Kingo zozote za mbao ulizokata zipake silikoni siku hiyo hiyo, kwa sababu unyevu wa chumvi ukiingia kwenye ubao wa kubandika, unavimba na haurudi.

Maji. Ya bomba yana klorini, mara nyingi fosfati, na wakati mwingine shaba kutoka kwenye mabomba, na shaba kidogo tu huua kamba na konokono. Ya kisima pwani mara nyingi yana chumvi yake isiyo na mpangilio. Tumia maji ya RO (yaliyosukumwa kupitia utando wa kuchujia) yaliyopita pia kwenye kichujio cha ioni, yasome sifuri kwenye kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini. Ukinunua kwa wauza maji ya kunywa, omba yale ambayo hayajaongezwa madini. Lita 300 zinahitaji kilo 10 hadi 11 na nusu za chumvi ya akwariamu, kutegemea aina. Tanguliza maji, kisha mwaga chumvi taratibu huku pampu ikikoroga. Ukifanya kinyume, kalsiamu na kabonati zinashikana na kuwa wingu jeupe lisiloyeyuka tena, na umepoteza ndoo nzima. Pima kwa refraktomita (kipima chumvi) iliyosawazishwa kwa kimiminika cha 35 kwa elfu, sio kwa maji matamu pekee.

Maji ya bahari yenyewe yanafaa, mradi yachotwe mbali na mito na mitaro, wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa, na hasa kipindi cha kaskazi bahari ikiwa safi. Baada ya masika usichote karibu na ufuo. Yachuje, yaweke gizani kwenye mapipa ya plastiki, upime kabla ya kuyatumia.

Mawe kilo 25 hadi 30 yanatosha, yakae juu ya kioo au kwenye vishikizo kabla ya mchanga kumwagwa, maana samaki wanaochimba huangusha jiwe lililokaa juu ya mchanga. Mchanga wa sentimita tatu ni karibu lita 18. Mchanga wa matumbawe ukidondoshewa siki unatoa povu. Usiotoa povu ni wa mawe ya bara, uache. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na maeneo ya hifadhi kama Kisite, Watamu na Chumbe hayaguswi kabisa, wala jiwe wala konokono.

Halafu subira, ili bakteria wanaosafisha maji wakue kabla ya samaki. Ongeza amonia mpaka isome miligramu 2 kwa lita, taa zikiwa zimezimwa. Nitriti itapanda, itashuka, na nitrati itabaki. Wiki nne hadi sita ni kawaida. Tangi liko tayari pale unapoongeza miligramu 2 na ndani ya saa 24 amonia na nitriti zote zinasoma sifuri. Badilisha robo ya maji ndipo ulete samaki. Soksi za kuchujia zibadilishwe kila siku tatu au nne. Ikiziba, maji yanapita juu yake na uchafu unaoza ndani yake. Zifue kwa jiki bila sabuni, suuza sana, anika juani.

Kuhusu wakazi, urefu wa sentimita 120 una mipaka yake. Jozi ya samaki-nemo wa kwetu, Amphiprion allardi, wanakaa humo kwa raha. Kangaja wa bluu, yule mrembo ambaye kila mtu anamtaka, anahitaji mbio ndefu kuliko tangi hili, na akibanwa hupata ugonjwa wa madoa meupe haraka. Kitatange mkubwa wa michirizi ya njano atafika sentimita 40. Muuzaji akikuambia hawa hukua kulingana na tangi, nenda duka jingine. Kila samaki mpya akae wiki nne kwenye tangi dogo la pembeni, na dawa ya shaba itumike huko tu: ikiingia kwenye mawe ya Reefer, itakaa humo na kila konokono utakayemweka baadaye atakufa.