Kadi za Nolan Ryan kwenye tombola ya Soko la Kenya: nilizonunua na niliyoikataa

Mama anayeuza midoli na makorokoro ya watoto nyuma ya safu ya viatu, Soko la Kenya, hapa kwetu Lubumbashi, ananijua tangu mwanangu wa kwanza aanze kutambaa. Balo za nguo za tombola, yaani mitumba, wanazo wengi pale. Balo ya vitu vya kuchezea unaipata kwake na kwa wengine wawili tu. Wiki tatu zilizopita alifungua moja iliyoingilia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akakuta ndani yake sanduku la viatu lililojaa kadi za picha, akanipigia simu: “Papa, kuya uone. Iko na picha ya ba-Amerika, njo ya zamani.” Anajua udhaifu wangu kwa vitu vya karatasi. Baba aliniachia stempu za Katanga za 1960, na mama huyu ndiye aliyewahi kuniuzia albamu ya kuzihifadhi.

Mimi ni fundi wa simu, Kamalondo. Besiboli sikuwa naijua hata kidogo. Nilipiga picha kadi kumi, nikamtumia mpwa wangu aliyeko Houston. Hakujibu kwa maandishi, alipiga simu huku anapiga kelele: “Mjomba, huyo ni Nolan Ryan! Huku wazee wanamtaja kama nyinyi mnavyomtaja Kidiaba, kipa wa Mazembe!”

Basi nikasomeshwa. Ryan alikuwa mrushaji, yaani yule anayesimama katikati ya uwanja na kumrushia mpinzani mpira ili ashindwe kuupiga. Mpigaji akishindwa mara 3 anatoka, na Ryan aliwatoa hivyo watu 5,714, idadi ambayo hakuna aliyeifikia mpaka leo. Michezo 7 aliimaliza bila timu pinzani kupata pigo hata moja la halali. Anayemfuata, Sandy Koufax, anayo 4. Mwaka 1974 walipima mpira wake ukafika kama kilomita 162 kwa saa, na mimi kwenye barabara ya Likasi sijawahi kupanda gari lililothubutu kufika huko. Kilichonigusa zaidi ni ule mchezo wa saba, Mei 1991: alikuwa na miaka 44. Mimi nikiwa na 44 nilikuwa naomba kiti nipumzike baada ya kupanda ghorofa moja.

Sasa bidhaa yenyewe. Sandukuni mlikuwa na kadi 63, na 11 kati ya hizo ni za Ryan. Mama alitaka falanga 15.000 kwa sanduku zima isipokuwa kadi moja, aliyokuwa ameifunga ndani ya kitambaa: hiyo alitaka dola 80. Ina sura mbili, Ryan na mrushaji mwenzake Jerry Koosman, kutoka toleo la 1968 la Topps, kiwanda cha kuchapa kadi za wachezaji, nambari 177. Ndiyo kadi ya kwanza ya Ryan, walipokuwa chipukizi wa Mets wa New York. Kijana wa kibanda cha jirani alikuwa ameshaitafuta kwenye simu yake na kuona watu wanaomba maelfu ya dola. Kuomba anaomba kila mtu. Mpwa wangu alinionyesha kwamba kule eBay, soko la mtandaoni, unatakiwa uchague sehemu ya vitu vilivyokwisha kuuzwa, uone mnunuzi alitoa nini hasa. Hapo kadi ileile inashuka na kupanda kama lifti, na anayeibonyeza ni hali ya kadi.

Hili mtu wa Lubumbashi halimpi shida. Nenda kwa wanaobadilisha falanga pale mjini na noti ya dola 100 iliyochanika milimita mbili pembeni. Ataigeuza, ataiinua kwenye jua, atapitisha kidole ukingoni, kisha atakurudishia kama umempa jani la muhogo. Noti ni halali kabisa, serikali ya Marekani inaitambua, lakini kwetu haipiti. Wenye kadi wanafanya hivyohivyo, ila wao wameandikiana alama. Kampuni ya PSA, iliyoanza 1991, inapokea kadi yako, inaangalia pembe nne, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati ya fremu, halafu inaipa alama kutoka 1 hadi 10 na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye nambari unayoweza kuihakiki kwenye tovuti yao. Kati ya 5 na 9 hakuna tofauti utakayoiona ukiwa umeketi upande wa pili wa meza, lakini bei inaruka mara nyingi. Nilipomweleza mama hivyo alicheka sana. “Kumbe nao wanakataa dola yenye kupasuka?”

Nikamwomba ruhusa ya kupeleka ile ya sura mbili kwenye meza yangu kwa saa moja, nikamwachia simu yangu kama rehani.

Fremu za 1968 zimechorwa kama kitambaa cha gunia. Ndiyo, gunia, kama la makaa. Kwenye picha kubwa za kadi halali unaona nyuzi zikipishana. Kwenye hii, chini ya lenzi ninayotumia kutafuta waya zilizokatika kwenye simu, nyuzi zilikuwa zimeyeyuka kuwa uji wa kahawia. Hilo lilinitia shaka, lakini kilichomaliza kesi ni herufi. Kiwanda cha zamani kilichapa picha kwa vitone vya rangi nne, na maandishi meusi yakapigwa kwa wino mzima, kwa hiyo ukiikuza herufi, ukingo wake umenyooka. Mtu anayeiga huipiga kadi nzima skana, kisha huchapa kila kitu kwa vitone, mpaka jina. Herufi za “Ryan” kwenye kadi ya mama zilikuwa vitone vitupu, kama upele. Niliwasha pia ile taa ya zambarau ninayokaushia gundi ya vioo: karatasi iling’aa buluu kama shati jeupe kwenye dansi, wakati kadi nyingine ya 1968 iliyokuwamo sandukuni, ya mchezaji nisiyemjua, ilibaki imefifia. Taa peke yake nisingeiamini, karatasi zinatofautiana. Ikiungana na herufi, basi tena. Nakala.

Zile 10 zilizobaki za Ryan ni halali, na hapa lazima niwe mkweli kwa anayetaka kukimbilia sokoni kesho. Karibu zote ni za 1989 hadi 1992, miaka ambayo viwanda vya kadi vilichapa bila breki kwa sababu kila Mmarekani alidhani anamwekea mtoto wake akiba ya shule. Wote waliziweka vizuri, kwa hiyo hazikuadimika. Nyingi ya hizo, ukiiuza peke yake na bila kasha la alama, hata dola moja ni shida. Mpwa wangu anaweza kuzipata kwa bei ya mikate ya asubuhi. Kuzituma kwa kampuni ya alama kutoka Lubumbashi kungekula gharama ya kadi mia.

Lakini ni nzuri, jamani. Topps ya 1990 ilimpa Ryan nambari 1 hadi 5 mfululizo: ya kwanza ni kadi yake ya kawaida, halafu moja kwa kila timu aliyoichezea, Mets, Angels, Astros, Rangers. Sandukuni nilipata 1, 2, 3 na 5. Inayokosekana ni ya 4, ya miaka yake ya Houston, na nilipomwambia mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema hiyo ataileta mwenyewe akija Desemba, hataitia posta. Nampa haki yake.

Malalamiko machache kwa muuzaji. Kadi zilikuwa zimefungwa kwa raba, na raba imekula kingo za zile za juu na za chini. Mbili zina mkunjo ambao hata mganga hawezi kuunyoosha. Sanduku lilikuwa chini, karibu na mifuko ya maji, na wote tunajua vumbi jekundu la pale Kenya linavyoingia kila tundu. Nilimwomba asizipanguse kwa kitambaa chenye maji, akasema alikuwa ameshapangusa nusu. Zangu sasa zimo ndani ya mifuko laini ya plastiki ya vioo vya simu, kwenye kopo la biskuti, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi. Mvua za Novemba zije tu.

Kwa 15.000 sijuti. Kwa 80 ningelia. Nilimrudishia mama kadi yake ya sura mbili na kumweleza yote, polepole, nikamwonyesha herufi kwenye lenzi. Aliangalia kwa muda mrefu, jicho moja limefungwa. Hakununa, ila alimwita yule kijana wa jirani na kumtukana kidogo kwa zile elfu zake za simuni. Kisha akanigeukia: “Basi leta falanga ya kopi.”

Nilimpa 2.000. Iko ukutani juu ya meza yangu, nimeibandika kwa gundi ileile ya vioo, na wateja wakisubiri simu zao wananiuliza hao wazungu wawili ni akina nani.